Miradi Imefungwa, Lakini Kilichopotea Mwanza Si Mshahara Peke Yake

Tangu tarehe 20 Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, hadi Machi ilipotangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada ya kimataifa, zimefutwa, na hatimaye Julai mosi shirika lenyewe liliposita kufanya kazi, jiji la Mwanza limepata kundi la watu ambalo halijapata kuwa nalo kwa wingi huu. Ni wauguzi wa mikataba, watunza takwimu, maafisa ufuatiliaji, madereva, wahasibu, washauri nasaha na wahudumu wa ngazi ya jamii waliokuwa wakilipwa na miradi ya afya iliyofadhiliwa na Marekani, na ambao wengi wao waliambiwa waache kazi bila hata muda wa kukabidhi mafaili. Mjini yamezuka maelezo mawili kuhusu watu hawa. Ya kwanza, yanayosemwa vijiweni kwa sauti ya chini na mitandaoni kwa sauti ya juu, ni kwamba wamekosa posho walizozizoea na sasa wanajifunza maisha ya wenzao. Ya pili, yanayosemwa kwa huruma katika mahubiri na semina za kuhamasisha, ni kwamba kosa lao lilikuwa kujifungamanisha na kazi. Wewe si kazi yako, wanaambiwa. Jitambue nje ya cheo.

Nadhani maelezo yote mawili yamekosea, na ya pili yamekosea vibaya zaidi kwa sababu yanafanana na busara. Kujitambua kwa kazi si udhaifu wa tabia ambao mtu anaweza kuuacha kwa kuamua tu. Ni utaratibu ambao jamii nzima imeuweka, inaudai, na inautumia kila siku kuamua nani aketi wapi, nani akopeshwe na nani asikilizwe, na mtu mmoja hawezi kujitoa humo kwa kubadili mawazo yake usiku mmoja. Kinachoweza kutenganishwa, na ambacho kinazungumzwa mara chache sana, ni kazi yenyewe na yule anayeilipia, yaani ujuzi wa mtu na mkataba wa mtu. Tumeviacha viwili hivyo vishikamane kiasi kwamba mfadhili aliye ng'ambo akifunga mkoba, mtu wa Buhongwa hapotezi kipato tu; anapoteza na ushahidi kwamba kuna jambo alikuwa anajua kulifanya.

Jambo hili si geni kwenye mwambao huu wa Ziwa Victoria, ingawa kila kizazi hulipokea kama msiba mpya. Pamba ilipokuwa ndiyo uchumi wa Usukuma, ukarani wa ushirika ulikuwa cheo cha kuolewa nacho. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955 na kusimamiwa na Paul Bomani, lilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika barani, na aliyepima pamba kwenye mzani wake alikuwa mtu wa kupishwa njiani. Mwaka 1976 Serikali ilipovivunja vyama hivyo, makarani wengi walibaki na hati nzuri ya mwandiko na majina yaliyokuwa hayana tena mahali pa kutumika. Baadaye vikaja viwanda vya umma, na miaka ya 1990 vikafuata upunguzaji wa wafanyakazi na ubinafsishaji, na wazee wa Igogo bado wanatambuana kwa idara walizofanyia kazi katika kiwanda cha nguo. Wakati huohuo sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alileta viwanda vya minofu vya kuuza Ulaya, na pamoja navyo mavazi meupe, mabuti ya mpira na mabasi ya kubeba wafanyakazi wa zamu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, watu waliokuwa wakijiita wa kiwandani waligundua kwamba jina hilo lilikuwa la kuazima. Zuio liliondolewa, lakini samaki waliendelea kupungua na baadhi ya viwanda vikafungwa kabisa katika miaka iliyofuata. Miradi ya afya, iliyostawi baada ya Marekani kutangaza mpango wake wa dharura wa UKIMWI mwaka 2003, ni zamu ya nne au ya tano katika mfululizo huo. Tofauti yake ni kwamba iliajiri wasomi, na wasomi wana sauti, ndiyo maana safari hii tunasikia kishindo.

Tazama namna jamii inavyoufunga mtu na kazi yake. Benki zetu hukopesha mshahara, hazikopeshi mtu. Hati ya malipo ya mwezi ndiyo dhamana, na siku mshahara unapokoma, mkopo haukomi. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo wa Serikali hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake tangu anapoajiriwa, kwa hiyo hata deni lake la ujana linamjua kwa jina la mwajiri. Mwenye nyumba huuliza unafanya kazi wapi kabla hajauliza mna watoto wangapi. Na sherehe zetu ndizo zinazosema ukweli wote. Katika kikao kimoja cha harusi huko Nyakato nilichohudhuria mwaka jana, katibu alikuwa na daftari lenye safu za jina, ofisi, ahadi na kilicholipwa. Alipofika kwa mama mmoja ambaye kila mtu pale alijua mradi wake umefungwa, kalamu ilisimama kwenye safu ya ofisi. Akauliza kwa adabu, "Hapa dada tuandike nini?" Mama akajibu, "Andika hivyo hivyo," na katibu akaandika jina la mradi ambao haupo. Hakuna aliyecheka. Ahadi yake ilikuwa laki moja, na sidhani kuna mtu aliyetarajia ailipe, lakini bila kitu kwenye ile safu asingeweza hata kuahidi. Mwambie mama huyo kwamba yeye si kazi yake, naye atakuuliza, kwa haki kabisa, kama umemwambia na katibu.

Wanaodai kwamba tatizo ni la ndani ya nafsi wangefanya vyema kuangalia kundi moja ambalo halitajwi katika mjadala huu, nalo ni la WAVIU washauri. Hawa ni watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao miradi iliwafundisha na kuwaweka katika kliniki za tiba na matunzo ili wawasaidie wenzao kuanza dawa na kutoziacha. Hawakuwa na mshahara; walikuwa na posho ndogo, fulana, begi na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kazi yao ilikuwa ya miguu. Kila wiki walipewa orodha ya wateja waliopitisha tarehe ya kuchukua dawa, wakapiga simu, na simu zisipopokelewa wakapanda mawe ya Bugarika au Mabatini kutafuta nyumba ambayo anwani yake kwenye rejesta ni "jirani na fundi cherehani, juu ya bomba". Walipofika hawakusema kilichowaleta mbele ya watu. Waliomba maji ya kunywa, wakasalimia wazee, wakasubiri hadi mwenyewe atoke kuwasindikiza, ndipo wakazungumza njiani. Ustadi huo haumo katika kitini chochote cha mafunzo, na takwimu nyingi nzuri ambazo miradi iliwapelekea wafadhili zilitegemea miguu na adabu ya watu hao.

Sasa fikiria maana ya kazi hiyo kwa aliyeifanya. Kabla yake, mtaa ulikuwa tayari umempa jina, nalo halikuwa jina zuri. Alikuwa yule mgonjwa, au yule mjane ambaye mumewe alikufa na tunajua kwa nini. Kazi ilichukua jambo lile lile lililomfanya atengwe na kuligeuza kuwa sababu ya watu kumtafuta. Hali yake ya afya ikawa sifa ya kuajiriwa, na aliyekuwa akinong'onwa akaanza kuitwa mshauri, tena na watu waliokuja kubisha usiku kwa sababu mtoto wao amepimwa. Ruhusa ya Marekani ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha, iliyotolewa mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 2025, ilisaidia dawa zisikatike, lakini kwa nilivyoona hapa, ufuatiliaji wa majumbani na posho zake ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kukatwa. Kwa mtu wa namna hii, kujitenga na kazi hakumrudishi kwenye nafsi huru iliyokuwa ikimsubiri nyuma ya cheo. Kunamrudisha kwenye jina la zamani, ambalo mtaa haukulisahau. Uliliweka akiba tu. Hali kama hiyo, kwa kiwango kidogo, inawahusu wanawake wengi waliopata kwa mara ya kwanza kujulikana kwa kitu kisichokuwa mume wao, na vijana waliotoka Ukerewe au Sengerema wakawa watu wa kushauriwa katika vikao vya ukoo kabla hawajafikisha miaka 30. Ushauri wa kujitambua nje ya kazi unaonekana mwepesi kwa sababu wanaoutoa, wachungaji na wazungumzaji wa semina, wanazungumza wakiwa ndani ya kazi zao wenyewe na wakiitwa kwa vyeo vyao.

Hata hivyo ushauri huo una upande wenye nguvu, na si haki kuupita. Mtu ambaye heshima yake yote imewekwa mahali pamoja yuko hatarini, na hatari hiyo si ya nadharia. Tunaona waliofungiwa miradi wakiondoka nyumbani saa moja asubuhi wakiwa wamevaa, wakizunguka mjini hadi jioni ili watoto wasijue. Tunaona wanaokataa kwenda kanisani au msikitini kwa miezi. Aidha, desturi za hapa zinaonyesha kwamba watu waliwahi kuishi vinginevyo. Msukuma alikuwa Mgika au Mgalu, mfuasi wa moja ya makundi mawili makubwa ya ngoma, na alikuwa hivyo akiwa na ng'ombe 100 au akiwa hana hata mmoja. Alikuwa wa kundi la wacheza na nyoka au la wawinda nungunungu, akashindana, akashangiliwa, akazikwa na wenzake. Mavuno mabaya hayakumvua uanachama. Anayekwenda Bujora, Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni bado anaweza kuona mabaki hai ya heshima isiyotokana na ajira. Hoja hii naikubali kama historia, na naikubali pia kama onyo. Ninachokikataa ni kuichukulia kama dawa ya kujinywea mtu binafsi. Umgika ulifanya kazi kwa sababu kijiji kizima kiliutambua na ulikuja na watu wa kukulimia shamba ukiugua. Leo ukimwambia mwenye nyumba wa Kirumba kwamba kodi imechelewa lakini wewe ni Mgalu, atacheka, halafu atafunga kufuli. Ukoo, dini na ngoma vinaweza kumshika mtu asianguke moyo, lakini tumeviondolea uwezo wa kumdhamini, na haviwezi kurudishiwa uwezo huo kwa mahubiri ya Jumapili moja.

Upande wa pili wapo wanaosema kwamba mtu na ajivunie kazi yake kadiri awezavyo, na wana sababu nzuri. Muuguzi anayejiona muuguzi hata akiwa amevaa kanga nyumbani ndiye tunayemtaka wodini saa tisa usiku. Kwenye ziwa lililozamisha MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, nisingependa kupanda chombo kinachoongozwa na mtu anayeona unahodha kama shati la kuazima. Jamii iliyowafundisha watu wake kutoipenda kazi ili wasiumie siku wakiikosa itapata kazi mbovu kila siku ili kuepuka maumivu ya siku moja, nayo ni biashara ya hasara. Hapa ndipo tofauti niliyoitaja mwanzoni inapokuwa na maana. Tunachokitaka kwa muuguzi na nahodha ni wajifunge na wodi na usukani, wala si na nembo iliyo kwenye fulana. Julius Nyerere aliacha kufundisha mwaka 1955 na akaendelea kuitwa Mwalimu hadi kifo chake mwaka 1999. Hakuna aliyemwita kwa jina la shule iliyomlipa. Kazi ikishatambuliwa kuwa ni ya mtu, haifutwi na barua ya mwajiri. Miradi yetu ilifanya kinyume. Mtu alifundishwa kujieleza kwa jina la mradi na la mfadhili, mikataba ikawa ya mwaka mmoja mmoja, vyeo vikaandikwa kwa namna ambayo hakuna anayevielewa nje ya ofisi ile, na aliyekuwa kwa miaka kumi ndiye anayejua wagonjwa wote wa kata nzima akaondoka na wasifu usemao kwamba alisimamia shughuli za uunganishaji wa huduma.

Inabaki hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na kwa kuwa ndiyo inayosikika zaidi, inastahili kujibiwa. Inasema kwamba wasomi hawa wanachagua kazi: wangeacha ukubwa, wakafuga kuku, wakauza dagaa, wakaendesha bodaboda, mambo yangekwisha. Kwanza, si kweli kwamba hawatafuti. Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yaliyopokelewa yalikuwa 135,027; na nafasi 14,648 za ualimu zilivuta waombaji 201,707. Watu wasiotaka kazi hawapangi foleni ya namna hiyo. Pili, wanaosema hivyo wanadhani kuuza dagaa ni kazi ya yeyote aliyekosa nyingine. Nenda Mwaloni, Kirumba, alfajiri, umwangalie mama mwenye uzoefu akichota dagaa kwa kiganja, akiwasugua kidogo na kuwanusa, kisha akakuambia hawa walianikwa mchangani, hawa walinyeshewa wakaanikwa tena, hawa watafika Kongo wakiwa wazima. Ana wateja wa miaka mingi, ana anayemwamini kumpa mzigo bila fedha, anajua ni siku zipi mwanga wa mbalamwezi utapunguza dagaa na bei ipande. Mtunza takwimu anayeingia pale na akiba yake ya milioni mbili ataimaliza kabla hajajua tofauti ya dagaa wa mchangani na wa chanja. Wanaotoa ushauri huu wanawadharau wote wawili kwa mpigo, msomi kwa kumwona mwenye maringo na mama wa dagaa kwa kumwona asiye na ujuzi. Isitoshe, yule mama naye ana jina analolilinda. Akifilisika hatakwenda kwa urahisi kuosha vyombo kwenye mgahawa wa aliyekuwa mteja wake, na hakuna atakayemwita mvivu kwa hilo.

Msomaji makini ataona upenyo katika hoja yangu mwenyewe: ujuzi nao hufa. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na safari iliyokuwa ikingoja kivuko, wakati mwingine kwa saa mbili, sasa ni ya dakika chache. Sina mtu mwenye akili ninayemjua anayetaka kurudi kwenye foleni ile. Lakini pale foleni palikuwa na watu waliojua kazi ya foleni: waliojua kuuza samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchemsha dirishani mwa basi kabla mlango wa kivuko haujafunguka, waliojua dereva yupi hula wapi. Ujuzi huo uliishi kwa sababu ya kuchelewa kwa chombo, na gari lisiposimama hauna kazi. Vivyo hivyo mkata minofu aliyeweza kumvua sangara ngozi kwa mikato michache amebaki na mkono mwepesi ambao hauhitajiki kokote pasipo kiwanda. Kwa hiyo sisemi kwamba anayejifunga na ujuzi yuko salama. Nasema ana kitu cha kuanzia, ambacho kinaweza kupimwa, kutajwa na kuhamishwa, kikamilifu au nusu nusu, wakati anayejifunga na mwajiri hana hata hicho. Muuza samaki wa Kigongo anajua kukadiria njaa ya abiria, na stendi ya Nyegezi ina abiria. Hasara yake ni kubwa, ila inaelezeka.

Tukikubali hayo, mengi tunayoyafanya mtu anapopoteza kazi yanaonekana yamewekwa kichwa chini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyeachishwa siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka alioukamilisha, isizidi miaka 10. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), tangu mabadiliko ya mwaka 2018, unamlipa aliyekosa ajira asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita, iwapo amechangia kwa miezi 18 au zaidi. Mafao hayo yamesaidia nyumba nyingi za Mwanza kupata unga, na anayeyabeza hajapata kukaa bila mshahara. Lakini angalia dhana iliyo ndani yake: kwamba mtu ameteleza kidogo kutoka kwenye ngazi na ndani ya nusu mwaka atarudi kwenye ngazi ile ile. Sekta nzima inapofungwa kwa wiki chache, ngazi yenyewe imeondolewa. Na WAVIU washauri, waliolipwa posho, hawamo kabisa katika hesabu hiyo. Hawakuchangia, kwa hiyo kisheria hawakupoteza chochote.

Sheria hiyo hiyo ya 2004 ina kifungu ambacho hatukitumii ipasavyo. Mwajiri anatakiwa kumpa anayeondoka hati ya utumishi. Hati nilizopata kuziona zimeandikwa jina la cheo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuacha, kisha maneno ya kumtakia heri. Ni ushahidi wa mkataba, si wa kazi. Ingekuwa rahisi, tena bila gharama, kwa mashirika ambayo bado yamo katika kufunga hesabu zao kuandika pale mtu alichokuwa akikifanya kwa lugha ambayo mganga mkuu wa wilaya au mwenye kiwanda ataielewa: alitunza rejesta ya wateja kadhaa, alifundisha watumishi wa vituo kadhaa kutumia mfumo, aliendesha gari kwa miaka saba visiwani na bara bila ajali. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya madarasa, na mafundi gereji na waashi wengi wamepata vyeti kwa njia hiyo. Sioni kwa nini milango hiyo isifunguliwe kwa aliyejifunza kutunza takwimu au kufuatilia wagonjwa akiwa kazini. Makanisa, misikiti na vikundi vya kuweka na kukopa, badala ya kuongeza semina za kujitambua, vingeweza kufanya jambo dogo lenye uzito zaidi, la kukubali kumdhamini mwanachama kwa wanachojua kuhusu utendaji wake, hata asipokuwa na hati ya mshahara. Wanamjua kuliko benki inavyomjua. Na makatibu wa kamati za harusi wanaweza kuifuta ile safu ya ofisi hata kesho, michango haitapungua.

Mtihani ulio karibu zaidi ni mpango wa Serikali wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kufikia wahudumu 137,294 katika miaka mitano, kwenye vitongoji na mitaa yote ya Tanzania Bara. Kazi inayotajwa humo, ya kutembelea kaya, kuelimisha, kufuatilia walioacha matibabu na kuwaunganisha na kituo, ndiyo ambayo washauri wa Igogo, Bugarika na Mabatini wamekuwa wakiifanya kwa miaka bila jina la kudumu. Baadhi yao bado wanaifanya, bila posho, kwa simu zao wenyewe, kwa sababu wagonjwa hawakupewa taarifa kwamba mradi umefungwa na wanaendelea kuwapigia. Mitaa itakapokaa kuchagua majina, vigezo vikiishia kwenye cheti cha shule na umri, wengi wao hawatapita, na halmashauri zitalipia mafunzo ya miezi kadhaa kwa kijana ambaye siku ya kwanza ya kazi itambidi aulize ni nani anayeijua nyumba iliyo jirani na fundi cherehani, juu ya bomba.